Maswali ya Wasomaji: Kuipima anioni isiyodumu hata mikrosekunde moja

Safu iliyopita iligusia heksaflorobenzeni, yaani benzeni ambayo hidrojeni zake zote 6 zimeondolewa na nafasi zao kushikwa na florini. Tulisema kwamba ikimeza elektroni moja ya ziada inakuwa radikali anioni, yaani chembe yenye chaji hasi na elektroni moja isiyo na mwenza, na kwamba anioni hiyo hutoweka upesi mno. Barua zilizofuata zimeuliza juu ya kazi yenyewe: inaonwaje, sampuli inaandaliwaje, na chuo kisicho na mashine kubwa kifanye nini. Tunazijibu moja moja.

Swali. Ndugu Mhariri, tumefundishwa kwamba benzeni haitaki elektroni ya ziada, lakini heksaflorobenzeni inaitaka. Kama inaitaka, mbona anioni yake haidumu? Na mbona mashine ya kawaida ya ESR haiioni? – *Mwanafunzi wa kemia, mwaka wa 3, Dodoma*

Jibu. Kuitaka elektroni ni jambo moja, kudumu nayo ni jambo jingine. Benzeni ikibandikwa elektroni mahali pasipo na kitu kingine huitema mara moja, kwa kuwa kuishika kunaigharimu kama elektronivolti 1.1. Heksaflorobenzeni inapata faida ya kama elektronivolti 0.5. Ikiachwa peke yake, anioni yake haina sababu ya kuachana na elektroni. Shida ni kwamba ndani ya kimiminika haiachwi peke yake.

Adui wa kwanza ni mwenzake. Ukipiga heksani, kiyeyushi cha hidrokaboni, kwa eksirei, elektroni inang'oka na kuacha kationi nyuma. Heksani haiwezi kuzikinga chaji zisionane, kwa hiyo zinavutana kutoka mbali: katika joto la chumba mvuto huo unaushinda msukosuko wa joto mpaka umbali wa nanomita 30 hivi. Elektroni nyingi zinatulia ndani ya umbali huo, zinanaswa na heksaflorobenzeni, na anioni inayozaliwa inavutwa kurudi kwa kationi ndani ya nanosekunde chache, au mia kadhaa zikiwa nyingi sana.

Adui wa pili ni kukatika kwa kifungo cha kaboni na florini. Anioni inatupa ioni ya floridi na kubaki radikali isiyo na chaji. Hili hutokea zaidi kwenye viyeyushi vyenye ncha za chaji, kama dimethilformamidi au amonia kimiminika, kwa sababu huko floridi inapata molekuli za kuikumbatia. Adui wa tatu ni maji na asidi, ambavyo huipa anioni protoni.

Mashine ya kawaida ya ESR, inayopima spini za elektroni (usumaku mdogo ulio ndani ya kila elektroni) kwa sumaku na mikrowevu, inahitaji radikali zikusanyike ndani ya sampuli. Hizi zinakufa kwa kasi ileile zinayozaliwa. Zile chache zilizopo kwa wakati mmoja zimetawanya ishara yao kwenye upana wa gausi (kipimo cha uga wa sumaku) zaidi ya 800, kwa hiyo kila mstari unabaki na kipande kidogo tu.

Njia ya kwanza ilikuwa kuzifungia. Mwaka 1976 Yim na Wood walizikamata anioni za benzeni zenye florini ndani ya fuwele za adamantani, na kwa heksaflorobenzeni wakapata mgawanyo, yaani umbali ambao kiini cha atomu kinaupasua mstari wa ESR, wa gausi 137 kwa kila florini, zote 6 sawasawa. Itazame namba hiyo vizuri, maana mengine yote yanatoka humo. Kwenye anioni ya benzeni kila hidrojeni inatoa gausi 3.75 tu. Gausi 137 haiwezekani kama elektroni imekaa kwenye wingu la juu na chini ya pete iliyolala bapa. Ina maana elektroni imeingia kwenye vifungo vya kaboni na florini vyenyewe, pete imepinda, na florini zimetoka nje ya bapa. Pamoja na hayo florini zote 6 zinaonekana sawa, kwa sababu mpindo unahama kutoka upande mmoja hadi mwingine haraka kuliko kipimo kinavyoweza kufuata. Swali lililobaki lilikuwa kama ndivyo ilivyo pia kwenye kimiminika, au ni fuwele iliyoilazimisha.

Swali. Nimesoma kwamba Warusi walipima anioni hizi kwa kutazama mwanga badala ya kupima mikrowevu iliyomezwa. Mwanga unajuaje hali ya spini? – *Mwalimu wa fizikia, Mombasa*

Jibu. Mwalimu, kilichotumika ni kule kurudiana kwa kationi na anioni. Ndiko kulikokuwa kunawaharibia watu kipimo, wao wakakufanya ndiyo ishara.

Elektroni inapong'olewa, spini yake na ya ile iliyobaki kwenye kationi zinaanza zikiwa zimeelekeana kinyume. Hali hiyo huitwa singleti. Ukiweka ndani ya myeyusho molekuli inayong'aa vizuri, tuseme para-terfenili, yenyewe inachukua nafasi ya kationi. Anioni ya heksaflorobenzeni ikirudi kwake, nishati inayobaki inatosha kuiwasha para-terfenili, nayo inatoa mwanga wa urujuanimno wa karibu nanomita 340. Lakini inatoa mwanga huo ikiwa tu spini mbili bado ziko kwenye singleti wakati wa kurudiana. Zikiwa zimegeuka kuwa tripleti, mwanga huo hautoki.

Katika uga mkubwa wa sumaku, singleti inachanganyika na hali moja tu kati ya tatu za tripleti. Mbili nyingine zimesukumwa mbali, moja juu na moja chini. Mikrowevu ikigonga masafa sahihi ya anioni au ya kationi, inafungua njia ya kwenda kwenye hizo mbili. Jozi nyingi zaidi zinapotelea tripleti na mwanga unafifia. Kwa hiyo unaongeza uga polepole, unaandika mwanga, na kila mahali unapofifia pana mstari wa ESR. Kufifia kwenyewe ni asilimia 1 au pungufu, ndiyo maana uga hutikiswa kwa mdundo maalumu na kifaa kikafuata mdundo huo tu.

Kikundi cha Anisimov na Molin huko Akademgorodok, Novosibirsk, kilichapisha spektra ya namna hii ya jozi za ioni ndani ya kimiminika mwaka 1979. Mwaka uliofuata Trifunac na Smith wa maabara ya Argonne, Marekani, walitoa njia ya jamaa yake wakitumia mapigo ya elektroni. Wepesi wake wa kuhisi unastaajabisha: mamia tu ya jozi zilizo hai kwa wakati mmoja yanatosha, mahali ambapo ESR ya kawaida inadai mabilioni mengi. Na jibu la lile swali la fuwele lilipatikana: ndani ya alkani kimiminika (hidrokaboni kama heksani), katika joto la chumba, gausi 137 ni zilezile.

Kuna sharti moja la muda ambalo watu hulisahau. Mikrowevu lazima igeuze spini kabla jozi haijarudiana. Kwa jozi inayoishi nanosekunde 100 unahitaji uga wa mikrowevu wa gausi 0.6 hivi, kwa ile ya nanosekunde 10 unahitaji gausi 6, na hapo vifaa vingi vinashindwa. Upana wa mstari nao unafuata hesabu hiyohiyo: maisha mafupi mara 10, mstari mpana mara 10.

Swali. Nasoma shahada ya uzamili hapa Urusi na nimepewa kazi ya kupima anioni za polifluorobenzeni kwa njia ya mwanga. Sampuli zangu 3 za kwanza zimetoa mstari mmoja mnene katikati na hakuna kingine. Nimekosea wapi? – *Mtanzania, Siberia*

Jibu. Ndugu yetu, mstari mnene katikati bila kingine mara nyingi maana yake umeipima para-terfenili yenyewe, kationi yake pamoja na anioni yake. Para-terfenili hunasa elektroni pia. Kama ni nyingi mno, au kama heksaflorobenzeni yako imetoroka wakati wa kuondoa hewa, elektroni zote zinaishia kwake. Tuanze upya.

Kwa mililita 10 chukua para-terfenili miligramu 2.3, ambayo inakupa mola 0.001 kwa lita, na heksaflorobenzeni mikrolita 11.6, sawa na miligramu 18.6, ambayo inakupa mola 0.01 kwa lita. Uwiano wa 1 kwa 10 unaipa heksaflorobenzeni nafasi ya kwanza ya kunasa elektroni. Kwenye heksani elektroni hukimbia kwa kasi kubwa, na kwa ukolezi huo inanaswa ndani ya sehemu ya kumi ya nanosekunde. Kama unaweza kupata para-terfenili yenye deuteriamu (hidrojeni nzito) 14, itumie (uzito wa molekuli ni 244, kwa hiyo pima miligramu 2.4), maana mstari wake ni mwembamba na hautameza majirani. Usiongeze heksaflorobenzeni ovyo kwa kutaka ishara kubwa: anioni zitaanza kupokezana elektroni na molekuli jirani na mistari itavurugika. Pima kwa mola 0.003, 0.01 na 0.03, gausi 137 isipobadilika katika zote 3, uko salama.

Kiyeyushi ndicho kinachowaangusha wengi. Heksani ya dukani ina olefini (hidrokaboni zenye kifungo maradufu) na benzeni kidogo, na hizo hunasa chaji chanya kabla ya para-terfenili. Itikise na asidi ya salfuriki kali mpaka asidi isigeuke rangi tena, ioshe kwa maji, ikaushe, kisha ipitishe kwenye safu ya alumina iliyolowekwa naitreti ya fedha, ambayo inashika olefini. Skwalani, yenye kaboni 30, ni nzito zaidi na inawapa ioni zako maisha marefu, kwa hiyo mistari inakuwa myembamba. Asili ya kemikali hii mtu wa pwani anaijua kwa pua: inatengenezwa kwa kuongeza hidrojeni kwenye skwaleni, ambayo imejaa katika mafuta ya ini la papa, yaani sifa ile inayopakwa majahazi. Isafishe kwenye alumina iliyokaushwa kwa moto. Kabla ya kuongeza chochote, weka kiyeyushi kitupu mbele ya eksirei na utazame kama kinang'aa. Kikitoa mwanga unaoonekana kwenye kipimo, kirudishe kwenye safu.

Hewa ndiyo mharibifu wa mwisho. Heksani iliyoshiba hewa ina oksijeni karibu milimola 3 kwa lita, mara 3 ya para-terfenili yako, na oksijeni inanasa elektroni kwa furaha. Gandisha kwa naitrojeni kimiminika, vuta hewa, funga vali, yeyusha, rudia mara 4. Vuta *tu* wakati sampuli imeganda yote mpaka kwenye kuta. Heksaflorobenzeni inachemka kwa nyuzi 80 na mvuke wake ni mwepesi kutoroka; ukiivuta ikiwa bado laini utabaki na skwalani yenye para-terfenili, na huo ndio mstari wako mmoja mnene. Skwalani ina hila nyingine: haigandi kuwa fuwele bali inakuwa kama kioo, na hewa inabaki imenaswa humo. Iyeyushe kabisa, itikise mapovu yatoke, kisha ndiyo ugandishe tena. Ukiona kimiminika cha rangi ya samawati kwenye mtego wa baridi, hiyo ni oksijeni imeingia kupitia mahali panapovuja. Usifunge vali, acha mfumo wazi na ukae mbali.

Kuhusu ampula: kwatzi ya kawaida hubadilika rangi na kuwa ya kahawia ikipigwa eksirei kwa saa nyingi, na kwatzi yenyewe hutoa mwanga. Rangi hiyo inaondoka ukiichoma kwenye tanuri. Ukiweza, tumia kwatzi ya kutengenezwa. Eksirei ya kilovolti 40 na miliampea 20 inatosha kwa mililita 1 ya sampuli. Ukipima zaidi ya saa kadhaa rudia spektra ya kwanza. Ikiwa imepungua, sampuli imeungua na data za mwishoni zitupe.

Jambo la mwisho la kuangalia ni nishati. Para-terfenili inahitaji elektronivolti 4 kuwaka. Heksaflorobenzeni inaacha nishati ya kutosha. Ukihamia kwenye molekuli inayong'ang'ania elektroni kwa nguvu zaidi, kwa mfano yenye vikundi kadhaa vya siano, nishati ya kurudiana inaweza kushuka chini ya hapo, na hutaona mwanga hata kama anioni ipo. Wengi hapo huhukumu kwamba anioni haikuundwa. Badilisha kwanza kitoa mwanga, uchukue kinachowaka kwa nishati ndogo zaidi.

Swali. Florini 6 zinazofanana zinapaswa kutoa mistari 7 kwa uwiano wa 1:6:15:20:15:6:1. Mbona michoro niliyoona ina mistari mingi zaidi na imeelemea upande wa uga mdogo? – *Msomaji, Kampala*

Jibu. Ule uwiano ni sahihi pale mgawanyo unapokuwa mdogo sana ukilinganishwa na uga. Gausi 137 ndani ya gausi 3,350, uga wa mashine ya gigahezi 9.4, si ndogo. Kila mstari unasogea kuelekea uga mdogo kwa kiasi cha mgawanyo wenyewe mara mwenyewe, ugawe kwa uga mara 2, yaani gausi 2.8, kisha uzidishe kwa I(I+1) ukitoa mraba wa m. Hapa I ni spini ya jumla ya florini 6 na m ni sehemu yake iliyoelekea kwenye uga.

Chukua mstari wa katikati, ambapo m ni sifuri. Uzito wake wa 20 umeundwa na makundi manne: I ikiwa 3 mara 1, I ikiwa 2 mara 5, I ikiwa 1 mara 9, na I ikiwa 0 mara 5. Kundi la kwanza linasogea gausi 33.6, la pili 16.8, la tatu 5.6, la nne halisogei. Kwa hiyo ulichodhani ni mstari mmoja ni minne. Ukifanya hivyo kwa yote 7 unapata 16.

Faida yake kwa mpimaji ni hii. Usitafute mgawanyo kutoka mistari ya pembeni kabisa, maana kila mmoja una sehemu 1 tu kati ya 64 ya ishara. Usiutafute katikati pia, kwa sababu pamefunikwa na para-terfenili. Chukua mistari miwili mikubwa ya m ikiwa 2 na kutoa 2, ile yenye uzito wa 5. Yote miwili imesogea sawa, gausi 5.6, kwa hiyo umbali kati yao ni mgawanyo mara 4 kamili: gausi 548. Gawa kwa 4, umemaliza.

Swali. Je, kazi hii inawezekana bila mikrowevu kabisa? – *Msomaji, Muscat*

Jibu. Inawezekana, na kwa anioni zinazokufa ndani ya nanosekunde chache ndiyo njia inayobaki. Unapima mwanga huku ukibadilisha uga wa sumaku peke yake, kupita sifuri na kuendelea upande wa pili. Kwenye uga ambapo ngazi za nishati za jozi zinakutana, mwanga unabadilika ghafla. Uga sifuri ni mahali pamoja. Kwa florini 6 sawa zenye mwenza mwenye mgawanyo mdogo sana, pana pengine: mgawanyo mara 3, yaani gausi 411. Mstari huo ukitokea pale hasa, heksaflorobenzeni imejitambulisha yenyewe. Mwenza akiwa na mgawanyo mkubwa wake mwenyewe, mstari unafutika, kwa hiyo chagua mwenza mwembamba.

Kosa la kawaida liko kwenye jicho la mwanga. Mrija wa kukuza mwanga huathiriwa na sumaku, na uga ukibadilika unakupa mteremko wa uongo unaofanana sana na data. Uweke mbali kwa kutumia fimbo ya kupitisha mwanga, ufunge kwa chuma laini, kisha weka taa ndogo ya LED isiyobadilika mahali pa sampuli na upime. Ukipata mstari ulionyooka, endelea. Na sifuri ya mashine si sifuri ya kweli: dunia yenyewe ina uga, karibu theluthi moja ya gausi kwetu Afrika Mashariki, karibu mara mbili yake huko Siberia.

Swali. Chuo chetu hakina eksirei wala ESR. Tuna potenshiostati, gesi ya argoni na elektrodi ya floridi tunayopimia maji ya visima. Tunaweza kusoma lolote la kweli kuhusu anioni hizi? – *Fundi maabara, Arusha*

Jibu. Mna nusu nzima ya habari mikononi, hiyo ya kukatika kwa floridi. Tena elektrodi yenu imeshazoeshwa na visima vya Bonde la Ufa kuliko za maabara nyingi duniani.

Anzeni na pentaflorobenzonitrili, ambayo inapokea elektroni kwa urahisi zaidi kuliko heksaflorobenzeni. Kwa voltametria ya mzunguko, yaani kupeleka volti mbele na kuirudisha huku mkipima mkondo, tumieni asetonitrili iliyokaa siku 2 juu ya chujio la molekuli la angstromu 3 lililochomwa kwa nyuzi 300, chumvi ya tetrabutilamonia mola 0.1, na dutu milimola 1 hadi 2. Ng'arisheni elektrodi ya kaboni kwa alumina ya mikromita 0.05, pulizeni argoni dakika 15, kisha chukueni mchoro wa kiyeyushi kitupu kwanza. Wimbi linaloonekana karibu na volti 0.8 au 0.9 chini ya elektrodi ya kulinganishia ya kalomeli ni la oksijeni, si la kwenu; likionekana, pulizeni tena. Mwishoni ongezeni feroseni iwe alama ya kupimia.

Kasi ya kubadilisha volti ndiyo saa yenu. Kwa volti 0.1 kwa sekunde mnatazama robo ya sekunde. Kwa volti 1,000 kwa sekunde mnatazama mikrosekunde 26. Wimbi la kurudi likikosekana kwa kasi ndogo na kuanza kuchomoza kwa kasi kubwa, mmepata umri wa anioni. Lakini msikimbilie kasi kubwa na elektrodi ya milimita 3. Kwa volti 1,000 kwa sekunde itapitisha karibu miliampea 2 za dutu na nyingine 1.4 za kuchaji uso wake. Ukinzani wa omu 200 unatosha kupotosha volti 0.4 na zaidi, nanyi mtadhani ni kemia. Elektrodi ya waya wa mikromita 25 inapitisha sehemu ya mikroampea, na upotoshaji unashuka mpaka milivolti chache.

Sasa floridi. Wekeni mililita 20 za milimola 2, yaani mikromoli 40, kwenye seli yenye vyumba viwili vilivyotenganishwa na kioo chenye vinyweleo. Elektroni 1 kwa kila molekuli ni kulombi 3.86. Pitisheni chaji hiyo, halafu pimeni floridi. Inajulikana kwamba anioni ya pentaflorobenzonitrili huungana mbili mbili, pete kwa pete, na kutoa bifenili yenye florini 8 na siano 2, huku floridi 2 zikitoka. Njia hiyo inatoa floridi 1 kwa kila elektroni 1. Njia nyingine, ya kukata florini na kuweka hidrojeni mahali pake, inahitaji elektroni 2 kwa kila floridi 1. Kwa hiyo uwiano wa chaji kwa floridi unawaambia ni njia ipi imefuatwa, bila kuona anioni hata moja.

Kuna mambo manne yatakayowaharibia hesabu hii. Chumvi ya heksaflorofosfeti au tetrafloroboreti, ambayo wengi wanayo kwa voltametria, hutoa floridi yenyewe ikikutana na maji. Kwa kipimo hiki tumieni pakloreti ya tetrabutilamonia, na msiisage wala kuichoma ikiwa kavu, inaweza kulipuka. Pili, mkiongeza maji chumvi hiyo hutoa ukungu. Chujeni kabla ya kutumbukiza elektrodi. Tatu, asetonitrili hubadilisha usomaji, kwa hiyo pelekeni mililita 20 hizo hadi mililita 100 pamoja na bafa ya kupimia floridi (myeyusho unaoshikilia pH isibadilike) ya pH 5 hadi 5.5, na viwango vyenu vya kulinganisha viwe na asetonitrili na chumvi kwa kipimo hichohicho. Floridi 1 ikitoka kwa kila elektroni mtasoma miligramu 7.6 kwa lita.

La nne ndilo gumu. Kathodi ikigusa maji hutengeneza hidroksaidi, na hidroksaidi hung'oa florini iliyo mkabala na siano bila msaada wa elektroni yoyote. Mtapata floridi nyingi kuliko chaji inavyoruhusu na mtashangilia bure. Wekeni sampuli mbili za kulinganisha: moja ikae saa ileile bila umeme, nyingine iwekewe hidroksaidi ya tetrabutilamonia kidogo. Uwiano ukizidi floridi 1 kwa elektroni 1, msiuamini. Rudieni kukausha kiyeyushi mpaka ushuke.

Swali. Heksaflorobenzeni tuliyoagiza tumeikuta imeganda kama barafu ndani ya friji. Imeharibika? – *Msomaji, Eldoret*

Jibu. Haijaharibika. Inaganda kwa nyuzi 5 hivi, na friji nyingi ziko nyuzi 4. Iacheni kwenye meza saa 1 chupa ikiwa imefungwa, itikiseni mpaka iwe kimiminika chote, kisha ndiyo mpime. Mkifungua chupa ikiwa bado baridi, unyevu wa hewa utaganda ndani yake, na maji hayo mtayaona baadaye kwenye voltametria. Mvuke wake unashika moto, kwa hiyo msiifungue karibu na jiko la Bunsen.